Kiraka cha Boti ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo dukani kwako ukiwa mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Huku na sisi hatujambo, tunasukuma siku. Mama anaendelea vizuri isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanaanza kulalamika kabla yeye mwenyewe hajainuka. Macho yanaona, masikio yanasikia hata yasiyomhusu, na mdomo unaujua mwenyewe. Anakuulizia kila siku. Gari likipunguza mwendo hapo nje anauliza kama ni wewe, nami namjibu kwamba wewe ukija utapiga honi tangu mwanzo wa mtaa ili majirani watoke waone gari.

Uniwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Hata barua hii sikutaka kuitia posta. Nimempa mtu anayekuja huko kwa kazi zake, nikamwomba akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umeisoma yote. Ni mtu mstaarabu, hana haraka. Basi vuta kiti, mwachie wifi wateja, usome taratibu, maana habari ni nyingi.

Duka lako tunalisikia. Waliopita huko wanasema mashine za boti umezisimamisha mstari mmoja kama askari wa gwaride, zimefutwa mpaka mtu anajiona uso, na nyuma ya duka boti za faiba zimebebana moja juu ya nyingine. Wanasema una kiti kinachozunguka. Mama aliposikia habari ya kiti alicheka sana, akasema mwanangu huyo tangu utotoni hajawahi kukaa upande mmoja. Nami nilicheka. Wakati ule nilikuwa bado nacheka.

Huku karakana ya Baba bado imesimama. Paa linavuja pale pale lilipokuwa likivuja ukiwa hapa, na ndoo inayokinga maji ni ile ile. Nina boti moja juu ya magogo, ya mvuvi mmoja mbishi asiyetaka kusikia habari za faiba. Mbao za ubavuni nimemaliza, sasa nakalafati, naziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta, na vidole vyangu vinanuka mafuta hata nikila. Ulikuwa ukisema mwanamke akishika tezo atajikata mguu. Miguu yangu yote miwili ipo, Kaka, asante kwa kujali.

Pamoja na kazi hiyo nimekuwa nikimkumbuka sana Baba, na si Baba peke yake. Nimewakumbuka Baba na Mkwe.

Ulikuwa mkubwa kuliko mimi, unakumbuka vizuri zaidi walivyoanza. Baba alikuwa fundi boti na hakuna asiyemjua. Yule mwenzake ana kiwanda kidogo upande wa pili wa mto, anatengeneza mashine zile zinazobanwa nyuma ya boti. Mashine zake zilikuwa hazipati boti ya kuzibeba sawasawa, maana boti nyingi zilijengwa kwa makasia, nyuma zikiwa nyembamba au zimechongoka. Na boti za Baba zilianza kukosa wateja, maana watu walishaonja mwendo wa mashine, na aliyeonja mwendo hataki tena kupiga kasia. Wakakutana, wakaafikiana kwa kushikana mikono tu. Baba akampa ubao mmoja wa nyuma ya boti, kipimo chake halisi. Yeye akampa Baba kibano kitupu cha mashine. Toka siku hiyo Baba kila akichonga ubao wa nyuma anaujaribia kibano kile, na yule mwenzake kila akisubu kibano kwa chuma cha moto anakijaribia ubao ule. Boti ikitoka huku na mashine ikitoka kule, zikikutana zinashikana kama zimezaliwa nyumba moja.

Na utani wao je, unaukumbuka? Baba akisema boti ndiye binti, na mashine ndiye bwana harusi, kwa hiyo wao wawili wameoana kwa watoto. Ndiyo maana wakaitana Mkwe, na sisi tukamwita Mkwe mpaka leo, jina lake halisi hata silijui. Boti ikikamilika Baba anatuma ujumbe kwamba binti ameshaoga, bwana harusi aje. Mashine ikisumbua, Baba anamtumia Mkwe ujumbe kwamba kijana wake analewa, aje amtulize. Mteja akienda kununua mashine anaelekezwa kwetu, akija kununua boti anaelekezwa kwake. Hawakuandikiana hata mstari mmoja. Tulikula kwa kushikana mikono kule, Kaka. Wewe ulivaa viatu vya shule kwa kushikana mikono kule.

Kisha zikaja boti za faiba.

Siwezi kusahau siku Baba alipoiona ya kwanza. Alikuwa ametoka hospitali muda si mrefu, anatembea kwa kushika ukuta. Tulimsindikiza mpaka ukingoni apunge hewa. Ikapita boti nyeupe, nyepesi, inaruka juu ya maji, na nyuma yake imebeba mashine ya Mkwe. Baba akasimama. Akaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Halafu akasema ile ni boti yake. Nikamwambia Baba, ile si ya mbao. Akasema hata ikiwa ya sabuni, mwili ule ni wa mkono wake: anaujua mgongo wake, anajua pale pua inapoanza kuinuka, hakuna mtu mwingine anayeinua pua mapema namna ile. Mtu kachukua boti yake moja, akaipaka faiba juu yake, akalibandua ganda hilo likawa kalibu, na sasa anafyatua boti za Baba kama matofali.

Nani? Hapo ndipo sote tulipoangukia. Mashine nyuma ya boti ilikuwa ya Mkwe. Boti za Baba zilipita kwa Mkwe kila mara, zikikaa kwenye uwanja wake zikingoja kufungwa mashine. Nani mwingine angeweza? Wewe ndiye uliyelisema kwanza. Ulikuwa umesimama kushoto kwa Baba, umemshika kiwiko asianguke, ukasema kikulacho ki nguoni mwako. Baba akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akakitia kile kibano ndani ya gunia, akalifunga mdomo kwa kamba ya kalafati, akamtuma mtu akalitupe mlangoni kwa Mkwe bila salamu.

Yaliyofuata unayajua. Wateja walitukimbia, maana boti ya faiba haihitaji kukalafatiwa na haiozi, na mwili wake ni ule ule wa Baba. Siwalaumu watu kwa hilo hata leo. Zama hubadilika, na pengine mbao zingeshindwa tu, kwa faiba yoyote. Lakini Baba hakushindwa na faiba. Baba alishindwa na ule usaliti. Alikaa pale barazani anamlaani Mkwe asubuhi, anamlaani mchana, na akiwa kitandani mwisho wake alikuwa akimlaani bado. Alikuwa na rafiki mmoja tu duniani, na pumzi zake za mwisho zilikwisha katika kumtukana.

Siku ya mazishi Mkwe alikuja. Nilimwona anashuka, kofia mkononi, amezeeka ghafla. Wewe ukatoka mbele ya watu wote, ukasimama getini, ukamwambia muuaji wa nyumba hii hatakanyaga udongo wake. Akataka kusema kitu, ukamwambia akayaseme na mashine zake. Akageuka. Kaka, siku ile nilijivunia kuwa mdogo wako. Nilijiambia, huyu ndiye mwanamume. Hata ulipokuja baadaye kutuambia kwamba umekwenda kwa Mkwe na kumnyang'anya uwakala wa mashine, kwamba utakula mezani kwa adui mpaka umfilisi, nilikuamini. Mama aliguna, lakini mimi nilikuamini. Nilikuwa nawasimulia watu kisasi cha kaka yangu.

Sasa nikueleze kilichotokea.

Mvua zilipokatika alikuja mteja na boti ya faiba imepasuka tumboni, amegonga kisiki. Kazi hizo siku hizi nazipokea, tumbo halina ubaguzi. Nikamtania kwamba beseni lake limetoboka, akacheka, tukaipindua juu ya magogo. Nikaanza kuipiga msasa kuzunguka ule ufa. Rangi ikatoka, na chini ya rangi mkono wangu ukapita juu ya kitu kimeinuka. Kidogo tu, unene wa ukucha. Nikafikiri ni uchafu, nikaupiga msasa tena. Hautoki. Nikapiga magoti nikachungulia kwa ubavu, mwanga ukiwa upande wa pili, na nikakiona.

Kiraka. Umbo la jino, na pembe moja imekatika.

Kaka, najua umeshaelewa, lakini nitasema, maana nina raha ya kusema. Ulipokuwa unajifunza kazi, Baba alikuwa anajenga boti ya Mama, ile aliyomjengea kwa mapenzi tu, isiyouzwa wala kukodishwa. Akakupa keke utoboe tundu moja. Ukatoboa pasipotakiwa, ukiangalia wasichana wanaopita, na ubao mzuri kuliko yote ukaharibika. Baba akauchimba, akatia kiraka, na pembe yake moja ikavunjika akikigonga. Sisi tukadhani atakiranda kiwe sawa na ubao. Akakataa. Unajua mwiko wake: kosa la mwanafunzi halirandwi. Kiraka kinaachwa kimeinuka kidogo ili kila apitishapo mkono kimkumbushe. Mimi ninavyo viwili kwenye boti za watu, na bado nikikutana navyo naona haya. Wewe ulikuwa na kimoja tu, na kipo kwenye boti moja tu duniani.

Niliiacha ile kazi pale pale. Nikashuka ukingoni ambako boti za faiba hupumzishwa zikiwa zimepinduliwa, nikawa napitisha kiganja chini ya matumbo yake moja baada ya nyingine. Watu wakadhani nimepatwa na wazimu. Mmoja akaniuliza kama nazipapasa kwa ajili ya kuchinja. Yote yamo, Kaka. Kila boti ya faiba kwenye mto huu imebeba kosa lako tumboni. Mlikuwa na haraka sana, wewe na hao wanaofyatua boti za faiba, hamkupata hata muda wa kukisawazisha.

Na haraka ile nimeielewa. Boti ya Mama haikuwahi kupita kwa Mkwe, maana Baba hakutaka ifungwe mashine. Mama hapendi kelele. Haikuwahi kutoka mikononi mwetu isipokuwa mara moja, Baba akiwa amelazwa. Ulikuja ukamwambia Mama kwamba Mkwe ameiomba ajaribie mashine mpya isiyopiga kelele, kama zawadi kwake. Mama akakupa ufunguo mwenyewe. Ulipoirudisha ilikuwa inang'aa. Ukasema umeipaka nta tumbo zima, kwa heshima ya mzee, akirudi nyumbani aikute imependeza.

Baba aliporudi alikwenda bandani kabla hata ya kuingia ndani ya nyumba. Aliipapasa ile boti, akalia. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe sasa ameijua heshima ya mbao. Heshima! Nta ile ilikuwa ya kuzuia faiba isigande kwenye mbao. Hata mimi siku hizi naitumia nikitengeneza mabeseni yenu. Baadaye Baba alipotaka kuipaka boti rangi, rangi ikakataa kushika, ikabanduka magamba kwa magamba. Akagombana na muuza rangi, akamwita tapeli mbele ya watu. Muuza rangi yule mpaka leo hatusalimii, na sasa najua yuko sahihi.

Kwa hiyo nilivuka mto nikaenda kwa Mkwe.

Sikwenda kwa upole. Nilikuwa bado na chembe ya matumaini kwamba yeye ndiye aliyekutuma, ili nimchukie yeye niendelee kukupenda wewe. Nilimkuta kiwandani, amekaa juu ya kreti, anasafisha kabureta kwa brashi. Hakuinuka. Aliniuliza kama nami nimekuja kumfukuza, na kama ni hivyo nimfukuzie wapi maana hapa ni kwake. Nikainua macho. Juu ya meza yake ya kazi, ukutani, ubao wa Baba ulikuwa unaning'inia pale pale, umepigwa weusi na mafuta, na alama za vibano vya miaka yote zimeuma juu yake. Hakuwa ameushusha.

Nikamwuliza habari za mashine isiyopiga kelele. Akasema hajawahi kutengeneza mashine isiyopiga kelele, angekuwa nayo angekuwa tajiri. Nikamwuliza kama aliwahi kuiazima boti ya Mama. Akasema boti ile aliiona mara moja tu, siku Baba alipomwonyesha, na Baba hakumruhusu hata kuigusa kwa mikono ya grisi. Ndipo nikamsimulia yote: kiraka, nta, ufunguo. Alikuwa ameshika ile brashi, na aliendelea kuishika muda wote bila kusafisha kitu.

Nilipomaliza aliinuka akaenda nyuma ya makabati, akarudi na gunia. Lilikuwa bado limefungwa kwa kamba ile ile ya kalafati. Alisema alipoletewa alijua ni kibano, kwa uzito wake tu, hakuwa na haja ya kulifungua. Alisema alimngoja Baba aje amwambie kosa lake. Kiburi kilimzuia kuvuka mto kuuliza, na alipokishinda kiburi chake ilikuwa siku ya mazishi, na wewe ukamzuia getini. Kuhusu mashine zake kwenye boti za faiba, alisema mtu akija kununua mashine hamwulizi atakwenda kuibana kwenye nini. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: hukumnyang'anya uwakala, Kaka. Ulikwenda ukapiga magoti. Ulilia kwamba Baba amekufa na nyumba haina chakula, ukamwomba akusaidie kwa ajili ya mkwe wake. Naye akakupa mashine bila wewe kutoa kitu, ziwe mali ya kiwanda mpaka ziuzwe, kwa sababu tu wewe ni mtoto wa rafiki yake. Mwenye kutukanwa na Baba mpaka kaburini alikuwa anawalisha wanao.

Umewala wote wawili. Kwa Baba umekula mkono wake, kwa Mkwe umekula moyo wake. Wenye faiba wakakupa boti za kuuza kwa kuwapelekea ile ya Mama, Mkwe akakupa mashine, wewe ukaziunganisha hapo dukani ukakalia kiti kinachozunguka. Ile ndoa waliyoifunga wazee kwa kushikana mikono ndiyo unayoiuza.

Nilijaribu kukusamehe. Nakwambia kweli. Asubuhi nzima nilishika randa nikawa naurudia ubao mmoja, najiambia damu nzito kuliko maji, najiambia alikuwa kijana, alitaka maendeleo, pengine aliona mbao zinakufa akataka familia ipate chochote. Ningeweza kukusamehe boti. Ningekusamehe hata ile nta. Lakini kila nikifika kwenye siku za mwisho za Baba nakwama. Baba yuko kitandani anamlaani mtu asiye na hatia, na wewe umeinama unamnywesha maji kwa kijiko, unaitikia ndiyo Baba, kweli Baba. Neno moja tu lingemrudishia rafiki yake kabla hajafa. Ulikuwa nalo mdomoni ukalimeza. Ubao ule niliuranda mpaka ukawa mwembamba kama biskuti, haukufaa tena, na msamaha sikuupata. Nilichopata ni hasira, Kaka, na ni tamu, sikufichi. Nalala nayo vizuri.

Mkwe alitaka ayamalize na wewe mwenyewe peke yake. Akasema nimwachie. Nikamwambia hapana, Mkwe, hili tulifanye sote wawili kama mlivyokuwa mkifanya wewe na Baba: wewe upande wako, mimi upande wangu, zikutane zishikane. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akanipa mkono wenye grisi, nikaushika. Akalifungua lile gunia, akanipa kibano. Sasa hivi ninavyoandika kimening'inia karakanani kwenye msumari wake wa zamani, na ubao wa nyuma wa boti ya yule mvuvi mbishi nimeuchonga kwa kibano hicho. Umekaa sawia.

Tangu leo mashine za Mkwe hazina wakala huko kwako. Mwenye kutaka mashine yake, mlango ni wa kiwandani au wa karakana ya Baba. Mabeseni yako nimekuachia yote, sina haja nayo, yauze kama yatakwenda bila mashine. Na mteja akikuuliza kile kitu kilichoinuka tumboni ni nini, mweleze, maana mimi hapa ukingoni nimeshaanza kuwaeleza. Wanapindua boti zao wenyewe sasa, wanapapasa, wanalitaja jina lako. Muuza rangi nimemwendea nikamwomba radhi kwa niaba ya marehemu. Amenisalimia.

Mama nimemwambia. Niliogopa moyo wake, lakini nikaona amedanganywa vya kutosha. Hakulia. Aliniambia ufunguo alikupa kwa mkono wake mwenyewe. Akaingia ndani akafunga mlango. Toka siku hiyo gari likipunguza mwendo hapo nje, bado anauliza kama ni wewe, lakini haulizi kwa sauti ile ya zamani, na mimi simjibu kwa utani.

Boti yake iko bandani, juu ya magogo yale yale. Watu wamenishauri niitengeneze, nimekataa. Nta yako ipo juu yake, imekuwa ya manjano, imeshika vumbi. Siku utakayokuja, na najua utakuja maana hutakuwa na pa kukaa na kile kiti chako, usianze kwa kumwamkia Mama. Pitia bandani kwanza. Msasa nimekuwekea juu ya kizingiti. Kwangua nta yote kwa mikono yako mpaka mbao zionekane, lakini kiraka usikiguse. Ukimaliza ndipo ubishe hodi, na kama Mama atakufungulia au hatakufungulia, hilo ni lake.

Nisikuchoshe. Wifi yangu mpe mkono wangu, mwambie yeye sina neno naye na mlango wangu uko wazi kwake. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda, na mwenye kutaka kujifunza ufundi aje, akikosea tutamwachia kiraka chake. Majirani wote wanakusalimu, kila mmoja kwa namna yake. Mkwe naye anakusalimu.

Na huyo aliyekuletea barua, ambaye najua bado amesimama hapo mlangoni anakungoja umalize, mpe maji ya kunywa kisha umfungulie geti la nyuma. Ni dereva wa kiwanda cha Mkwe. Amekuja na lori tupu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Fundi boti.